Magunia matatu kwa watu wanne

Swali: Assalamu alaykum, Bi. Sisi ni kikundi cha vijana wa Langoni, Lamu. Tulisikia kwamba sheria inaitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa nishati, tukaona tusingoje kuhesabiwa na wageni. Tukachapisha fomu, tukazunguka nyumba 80 tukiuliza kila nyumba hutumia mkaa, gesi na stima kiasi gani kwa mwezi. Majibu hayaingii akilini. Nyumba ya watu wanne inasema magunia matatu ya mkaa, ya watu kumi inasema nusu gunia. Je, tumedanganywa? Na kwa pesa chache tulizobakiwa nazo, tununue kifaa gani ili kazi yetu isipotee bure?

Jibu: Wa alaykum salaam, wanangu. Hamkudanganywa. Mtu akiulizwa "mwatumia mkaa kiasi gani kwa mwezi?" analazimika kupiga papo hapo hesabu ambayo hajawahi kuipiga, tena kwa kipimo asichokitumia. Mama anayenunua mkebe asubuhi na mkebe jioni hana mwezi wa mkaa kichwani, ana asubuhi na jioni. Mwenye gunia stoo naye hana siku, ana "lile la juzi lilikwisha upesi." Mliwaomba wote wawili wawape mwezi, nao kwa adabu wakawapa.

Kabla ya vifaa, nataka tuseme mlipokaa. Nakisia mlikaa dakani. Katika nyumba za mawe za Amu, yaani Lamu, mgeni hupokelewa dakani, kwenye baraza la mlangoni, akizidi heshima huingizwa msana, ukumbi wa ndani, na jiko liko juu kabisa, karibu na paa, moshi na joto vipotelee huko. Katika utafiti wangu wa kwanza nilimwandikia mzee mmoja "gesi tu." Alisema kwa yakini, na mtungi niliuona kwa macho yangu ukipandishwa ngazi. Siku ya tatu nilipanda juu kuomba maji ya kunywa, nikakuta seredani mbili, majiko ya mkaa, zinawaka, moja ina mbaazi, ya pili ina sufuria ya wali iliyopaliwa makaa juu ya kifuniko. Mzee hakusema uongo. Gesi ndiyo aliyoilipia yeye. Mkaa ulitoka katika pesa za matumizi ya kila siku, mkononi mwa mkewe. Fomu yangu ilikuwa imepima mfuko wa mume, si jiko la nyumba.

Kwa hiyo la kwanza ni hili: anayeulizwa awe mpishi, na anayeuliza awe mtu anayeweza kupanda hadi jikoni bila kumtia mtu haya. Kwa Amu hiyo maana yake ni wasichana. Wavulana wabebe mizani na wakae na daftari la hesabu.

La pili linahusu swali lenyewe. Sensa ya Agosti 2019 iliuliza nishati kuu ya kupikia katika kila kaya. Kwa nchi nzima swali hilo linatosha, kwa sababu makarani wana dakika chache na milioni za milango. Mkiliiga ninyi litawaficha jambo lenyewe mnalolitafuta, kwa maana pwani nyumba yenye jiko moja tu ni chache. Chai ya asubuhi hupikwa kwa gesi kwa sababu watoto wanachelewa shule. Maharagwe na mbaazi huwekwa kwenye mkaa kwa sababu hakuna anayetaka kuumaliza mtungi kwa kunde. Wali lazima upaliwe, na mkate wa sinia hautoki bila moto juu na moto chini. Siku ya shughuli huingia mafiga na kuni. Basi msiulize "mwatumia nini?" Hesabuni kila jiko lililomo ndani ya nyumba, kisha ulizeni kwa kila moja: jana liliwashwa? Lilipika nini? Neno "jana" ni dogo lakini lina kazi kubwa. Mtu hujibu "kwa kawaida" kwa jinsi anavyopenda aonekane, na hujibu "jana" kwa anachokumbuka.

Sasa vifaa. Nunueni mizani moja ya kuning'iniza, ile yenye ndoana inayofika kilo 50. Au mwazime kwa wanaopima samaki forodhani, mradi muisafishe, mkaa ukinuka samaki hamtakaribishwa tena. Kabla ya kutoka kila asubuhi ijaribuni: pimeni jerikeni tupu, tieni lita 20 za maji ya bomba, pimeni tena. Tofauti iwe kilo 20. Msiteke baharini kwa uvivu, lita 20 za maji ya chumvi huzidi kwa karibu nusu kilo, nanyi mtailaumu mizani isiyo na kosa.

Hesabu ya mizani ni ile ya mwenye duka anapofunga stoo: kilichokuwepo, ongeza kilichoingia, toa kilichobaki. Wataalamu wa majiko huiita jaribio la utendaji jikoni, nayo huenda hivi. Siku ya kwanza mnafika, mnapima mkaa wote uliomo, mnautenga katika gunia au ndoo moja, mnamwomba mpishi achote humo tu. Siku ya pili, saa ile ile, mnapima uliobaki. Akiwa amenunua zaidi, mnapima ulioingia kabla haujachanganywa. Siku ya tatu vivyo hivyo, na ya nne vivyo hivyo. Safari nne zinawapa siku tatu za matumizi. Chini ya hapo siku moja ya wageni itawapotosha, na zaidi ya hapo mpishi atachoka nanyi.

Mtauliza, kwa nini tusihesabu mikebe tu? Hesabuni, lakini kwanza mkaupime huo mkebe. Nendeni kwa wauza mkaa wa mtaani kwenu, mnunue mkebe kwa kila mmoja, muupime. Mtakuta muuzaji mmoja anajaza hadi kilele na mwingine anapanga vipande vikubwa vyenye mianya katikati. Gunia ndilo baya zaidi. Kuna la kawaida, na kuna lililoongezwa shingo kwa vijiti na nyavu hadi likapita kimo cha mtoto. Yote mawili katika fomu yenu yameandikwa "gunia 1." Hapo tayari nyumba zenu mbili zinaanza kusogeleana. Pimeni pia chenga zinazobaki chini ya gunia, maana zimelipiwa lakini aghalabu haziingii jikoni. Na masika, mkaa ulionyeshewa ndani ya mashua huwa mzito kwa maji. Kuni ni hivyo hivyo, tena zaidi. Andikeni kama ni kavu au mbichi, na mkiweza rudieni upimaji wakati wa kiangazi.

Makumbi na vifuu vya nazi msivipuuze kwa sababu havinunuliwi. Wenyeji wa Matondoni na Kipungani watawacheka mkiwapimia mkaa na kuliacha rundo la makumbi nyuma ya nyumba. Kisichokuwa na bei ndicho hupotea kwanza katika takwimu, ndipo mpango wa nishati unaandikwa kana kwamba watu hao hawapiki.

Tuje kwenye watu. Kaya, kwa maana wanayoitumia watakwimu wa Kenya, si nyumba na si ukoo. Ni watu wanaoishi pamoja, walio chini ya mkuu mmoja, na wanaokula chungu kimoja. Nyumba ya ghorofa ya Mkomani inaweza kuwa na kaya tatu, na ndugu wawili wa ua mmoja wanaweza kulala nyumba mbili na kuwa kaya moja. Ulizeni chungu. Halafu kila siku ya kupima muulize ni nani aliyekula: nani asubuhi, nani mchana, nani usiku. Mvuvi aliyelala baharini hakula. Watoto wa jirani walionyweshwa uji walikula.

Wanaokula nao hawalingani. Kwa desturi ya majaribio haya mtoto hadi miaka 14 huhesabiwa nusu, mwanamke aliyevuka umri huo 0.8, mwanamume wa miaka 15 hadi 59 moja kamili, na mzee wa kiume kuanzia 60 ni 0.8. (Wanawake wa Amu niliowaeleza kipimo hiki walinitazama jicho kali. Nawaelewa. Kinahesabu chakula, hakihesabu kazi.) Tuseme kaya ya watu kumi ina wanaume wawili, wanawake watatu na watoto watano: hiyo ni 6.9. Ya watu wanne ina mwanamume, wanawake wawili na mtoto: 3.1. Ya kwanza ikichoma kilo 2.8 kwa siku na ya pili kilo 1.9, mtu mzima mmoja wa kwanza ana kama kilo 0.41 na wa pili kilo 0.61. Nambari hizo ni za mfano tu, lakini sura yake mtaikuta kila mahali. Sufuria kubwa haili moto mara mbili kwa kuwa watu ni mara mbili. Kaya kubwa kutumia kidogo kwa kila kichwa si ajabu, na sehemu ya majibu yenu ilikuwa kweli tupu.

Je, mpime nyumba ngapi? Si zote 80. Pimeni kumi kwanza, mpate wastani na jinsi kaya zinavyotofautiana, yaani mchepuko wa kawaida (kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika kando ya wastani) ukigawanywa kwa wastani. Tuseme mmepata asilimia 40. Zidisha 0.40 kwa 1.96, nambari ya watakwimu kwa uhakika wa asilimia 95, gawanya kwa kosa mnalolivumilia, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Mkitaka wastani wenu usipotoke zaidi ya asilimia 10, mnahitaji kaya 62. Mkikubali asilimia 15, ni 28. Kwa mfuko wenu ningekwenda na 28, niongeze nne za akiba kwa watakaosafiri. Zichaguliwe kwa kura kutoka orodha ya nyumba zote 80, msiteue wale wenye kicheko. Na kama zile 80 zenyewe mlizipata kwa kufuata njia ya pwani, ambako hoteli na nyumba zilizokarabatiwa zimejipanga, basi hamkuihesabu Langoni, mmehesabu baraza lake. Rudini ndani ya vichochoro mkaorodheshe upya. Hesabu hii ni ya mtaa mmoja. Mkitaka kusema neno juu ya Faza au Mokowe, kila mahali pawe na sampuli yake.

Stima ni rahisi kuliko mkaa, lakini ina mtego mmoja mkubwa: shilingi. Msiandike "hununua tokeni za mia tano kwa wiki." Mia tano ya mwezi huu si uniti za mia tano ya mwezi uliopita, kwa sababu gharama ya mafuta ya kuzalishia umeme na marekebisho ya fedha za kigeni hubadilika, na juu yake kuna ushuru. Tena tangu 2023 bei ya nyumbani ina ngazi, hadi uniti 30, hadi 100, na kupita 100, hivyo majirani wawili hawanunui uniti kwa bei moja. Andikeni uniti. Ujumbe wa tokeni kwenye simu unazo, pamoja na tarehe. Hesabu ya stoo inaingia hapa pia: someni salio kwenye kidude cha mita Jumamosi, someni Jumamosi inayofuata, ongezeni uniti zilizoingizwa katikati. Wiki nne zinatosha.

Mita ikiwa moja na wapangaji watatu, msigawe kwa tatu. Mwenye friza ya samaki na mwenye balbu mbili hawako sawa. Hesabuni vyombo: wati mara saa za kuwashwa, gawanya kwa elfu mpate uniti. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi kwa siku inakula uniti 18 kwa mwezi, nyumba ya vyumba vitatu wakati wa kaskazi inazidisha. Jumla ya vyombo isipolingana na mita, na haitalingana, rekebisheni saa na mwiamini mita. Friza hasa msiihesabu saa 24 kwa wati zilizoandikwa nyuma, maana mota yake huwaka na kuzima.

Gesi: pimeni mtungi kwa mizani ile ile. Kilo 6 au 13 zilizoandikwa ni za gesi peke yake, na uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye mtungi wenyewe, hivyo iliyobaki mnaipata papo hapo. Tarehe za kujaza nazo ni nzuri, ila zinahitaji angalau mijazo miwili, na zinasema wastani tu. Mafuta ya taa ulizeni kwa chupa waliyonunulia. Sola za Kiwayu na Ndau zihesabuni kwa vyombo, kwa sababu paneli ya wati 50 haimaanishi wati 50 zilitumika.

Mkimaliza mtakuwa na kilo, lita na uniti, vitu visivyojumlishika. Vigeuzeni vyote kuwa megajuli, kipimo kimoja cha nishati. Uniti moja ya stima ni megajuli 3.6. Kilo ya mkaa ni kama 29, ya kuni zilizokauka kwa hewa kama 15, ya gesi kama 45, na lita ya mafuta ya taa kama 35. Nyumba yenye uniti 40 kwa mwezi ina megajuli 144 za stima. Ikichoma kilo mbili za mkaa kwa siku, ina 1,740. Mara kumi na mbili! Ndiyo maana mpango wa nishati unaozungumza nguzo na nyaya tu umeruka sehemu kubwa ya moto wa nyumba.

Lakini msikimbilie kuandika kwamba nyumba ya mkaa "hufaidi" mara kumi na mbili. Moto mwingi haufiki ndani ya sufuria. Seredani nzuri yenye udongo ndani hufikisha kama robo, mafiga kama sehemu moja ya nane, jiko la gesi nusu au kupita kidogo. Kwa hiyo andikeni safu mbili, iliyochomwa na iliyofika chakulani. Na ya tatu mkitaka, ya mti uliokatwa. Tanuri la udongo la msituni hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni, hivyo zile kilo 60 za mwezi zilianza kama kilo 300 hadi 600 za mti, bara au mikokoni. Ulizeni mkaa umetoka wapi, lakini ulizeni kwa muuzaji na kwa upole, bila kuandika jina. Ukataji una sheria zake, na nanyi si askari wa misitu.

Wakati wa kupima nao una neno. Ramadhani moto huhama: mchana jiko limelala, jioni kuna futari, usiku daku, na kuna viazi karai, kaimati na mahamri juu yake. Tena kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja. Mkipima Machi mwaka huu na Machi miaka mitatu ijayo mkalinganisha, mnaweza kuwa mnalinganisha mfungo na mfunguo. Ningepima mara mbili, kaskazi na kusi, nje ya Ramadhani, nje ya Maulidi, ambapo mji hujaa wageni. Kisha, wakiwapo watu wa kujitolea, wiki moja ndani ya mfungo katika nyumba zile zile. Arusi na hitima ziandikeni kando. Msizitupe, ila msizichanganye na siku za kawaida.

Ruhusa: mwombeni mpishi kwanza, akikataa mwondoke na salamu. Ujumbe wa tokeni una jina na namba ya mita, nanyi nakilini tarehe na uniti tu. Sheria ya kulinda data ya 2019 inawahusu hata mkiwa vijana wa mtaa wenye daftari la shule. Mkishirikiana na chuo au mkitaka kuchapisha kama utafiti, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, inatangulia. Mratibu wa mtaa na wazee wajulishwe kabla ya mizani kuonekana vichochoroni, kwa sababu mtu anayepima mkaa wa watu hudhaniwa anatafuta wa kutoza.

Zile fomu 80 msizichome. Majina ya nishati na idadi ya watu vinafaa, mstari wa "kwa mwezi" tu ndio muupigie msalaba. Na ile nyumba ya magunia matatu ningeirudia kabla ya zote, nayo mkaitazame alfajiri, siyo saa nne. Ulizeni ni mahamri mangapi hutoka pale kabla ya shule kufunguliwa, yanauzwa wapi, na karai lake hukaa kwenye jiko lipi. Mkaa wa biashara una safu yake, na mama huyo hatakasirika mkimwuliza. Labda mtaondoka na mahamri ya moto.